Filamu ya mahandaki na baba mdogo aliyetoka vitani

Ndugu, umeuliza kama filamu ya Journey's End ya mwaka 2017 inafaa kutazama na baba yako mdogo, askari mstaafu ambaye bado hushtuka usiku. Mwulize yeye kwanza, na umweleze wazi kilichomo. Usimfanyie la kushtukiza.

Hadithi inatokea Machi 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kaskazini mwa Ufaransa, katika handaki la Waingereza wanaojua kwamba Wajerumani watashambulia siku yoyote. Mapigano ni machache. Kinachowatafuna ni kusubiri: matope, chai, saa zisizokwenda. Kapteni Stanhope anakunywa wiski ili aweze kusimama mbele ya askari wake. Hibbert, ofisa aliye chini yake, anadai ni mgonjwa ili arudishwe nyuma; Stanhope anamtishia kwa bastola, kisha anamkiria kwamba naye anaogopa vilevile. Kwangu mimi hapo ndipo moyo wa filamu, na hapo ndipo huenda pakamgusa mzee. R. C. Sherriff, aliyeandika tamthilia iliyozaa filamu hii, alikuwa ofisa katika vita hivyo na akajeruhiwa mwaka 1917.

Zama zile akili iliyochoka ilihukumiwa. Uingereza iliwapiga risasi askari 306 kwa makosa kama utoro na uoga, na msamaha ukaja mwaka 2006.

Akikubali, tazameni mchana, sauti mkiipunguza, maana mwishoni kuna mizinga mizito. Akiinuka, zima na utoke naye, bila kumhoji. Na kama usingizi unamkataa kila mara, mpeleke kwa daktari wa afya ya akili hata msipoitazama.