Maswali ya Wasomaji: Mungu wa Wanostiki aliyeumba bila kujua

Swali: Katika mafundisho ya kanisani tuliambiwa kuwa Wanostiki wa kale waliamini dunia imeumbwa na Shetani. Ni kweli?
*Msomaji, Mbeya*

Jibu: Si kweli, na ukianza na kosa hilo, yote yanayofuata yatakupotea. Wanostiki walikuwa makundi ya karne za kwanza za Ukristo yaliyotafuta wokovu kwa maarifa ya siri. Katika maandishi yao muumba huitwa Yaldabaoth. Huitwa pia Saklas, yaani mpumbavu, na Samael, jina ambalo wao wenyewe walilifasiri "mungu kipofu". Hayo si majina ya mwasi aliyefukuzwa mbinguni. Ni majina ya asiyejua.

Tufuate *Siri ya Yohana*, andiko linaloeleza habari hii kwa ukamilifu, Yesu akimjibu mtume Yohana. Juu ya yote yuko Roho asiyeonekana wala kuelezeka. Kwake anatoka Barbelo, wazo lake la kwanza, kisha wanafuata wa milele waitwao aioni, wote wakikaa katika Utimilifu, yaani makao ya kimungu ya juu. Wa mwisho wao, Sofia, ambaye jina lake maana yake ni Hekima, akataka kuzaa bila ridhaa ya Roho na bila mwenzi wake. Akazaa nyoka mwenye uso wa simba. Kwa aibu akamtupa nje na kumfunika kwa wingu la nuru, wenzake wasimwone.

Mtoto huyo aliondoka na sehemu ya nguvu ya mama yake, lakini hakujua imetoka wapi. Akajifanyia watawala, saba wa mbingu na watano wa kuzimu, kisha akatamka kuwa yeye ni Mungu mwenye wivu na hakuna mwingine ila yeye. Mwandishi anamnasa papo hapo: kama hakuna mwingine, wivu huo anamwonea nani?

Swali: Nasikia walikuwa wakisoma kitabu cha Mwanzo. Mbona basi habari yao haifanani nacho hata kidogo?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Inafanana sana, ila sharti uwe na Biblia pembeni. Karibu kila tukio limening'inizwa kwenye mstari fulani.

Chukua Mwanzo 1:2. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka inasema Roho ya Mungu "ikatulia" juu ya uso wa maji. Hapa msomaji wetu hukwama, kwa sababu kitenzi cha Biblia ya Kigiriki, waliyoisoma wao, kina maana ya kwenda huku na huku. Yohana anauliza kwenda huko ni kupi, na anajibiwa kwamba si kama Musa alivyosema. Aliyekuwa akihangaika huku na huku ni Sofia, kwa majuto. Ukiishika "ikatulia" peke yake, swali lenyewe halina maana.

Kisha Mwanzo 1:26, "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu". Hao wanaosema "na tumfanye" ni akina nani? Kwao ni watawala, walioona sura ya kimungu ikiangaza majini wakataka kuiga. Kazi ikagawanywa kama kwenye karakana. Mamlaka saba zikatoa nafsi saba: ya mfupa, ya mishipa, ya nyama, ya uboho, ya damu, ya ngozi na ya nywele. Malaika wakaunga viungo kimoja kimoja: Asterechme jicho la kulia, Thaspomocha la kushoto, Yeronumos sikio la kulia, Bissoum la kushoto, Akioreim pua. Jumla yao imeandikwa kuwa 365, sawa na siku za mwaka.

Mwili ukakamilika, lakini ukalala tu, hauinuki. Hapo linaingia Mwanzo 2:7, pumzi ya uhai. Wajumbe wa nuru wanamshauri Yaldabaoth ampulizie Adamu usoni. Anapuliza, na kwa pumzi hiyo ile nguvu ya mama yake inamtoka na kuingia kwa Adamu. Adamu anainuka, anang'aa, anawazidi akili waliomtengeneza. Ndipo wanamwonea wivu, wanamtupa chini kabisa, na kumfunga katika mwili wa pili wa udongo, maji, moto na upepo. Andiko linauita mwili huo kaburi. Kwetu sisi hili ndilo fumbo zuri kuliko yote: muumba anaipoteza nguvu yake kwa tendo lile lile analodhani ni la ushindi.

Swali: Nianze na nakala gani? Niliyosoma haikuwa na malaika 365.
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Huenda ulisoma toleo fupi. Nakala zilizopo ni nne, zote za Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri. Tatu zilipatikana mwaka 1945 karibu na Nag Hammadi, kusini mwa Misri. Ya nne imo katika kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Berlin iliyonunuliwa Cairo mwaka 1896. Kodeksi ya II na ya IV za Nag Hammadi zina toleo refu, lenye orodha ya malaika; ya III na ile ya Berlin zina toleo fupi. Anza na fupi ushike mfululizo wa matukio, kisha uende kwenye refu. Tafsiri isiyotaja kodeksi iweke kando.

Jihadhari pia usichanganye shule. Wafuasi wa Valentinus, mwalimu wa Kinostiki wa karne ya pili, walihesabu aioni 30: 8, kisha 10, kisha 12, na Sofia ndiye wa 30. Kwao muumba hajui yaliyo juu yake, lakini si mwovu. Dunia nayo ilitokana na hisia za Hekima aliyebaki nje ya Utimilifu: machozi yake yakawa maji, na kicheko chake kikawa nuru. Hayo tunayapata kwa Irenaeus, askofu wa Lyon, aliyeandika kuwapinga yapata mwaka 180. Msome kama shahidi wa upande wa pili. Muhtasari wake katika kitabu cha kwanza cha *Dhidi ya Uzushi*, sura ya 29, unakaribiana mno na nusu ya kwanza ya *Siri ya Yohana*, kwa hiyo vilinganishe mstari kwa mstari. Unakatika Yaldabaoth anapojitangaza kuwa Mungu pekee; habari ya Adamu ya *Siri ya Yohana* utaipata kwenye kodeksi tu.