XSLT kukatika kwenye mistari 3000: usiongeze RAM kwanza

Mkuu, nimeupitia msimbo wako. Kwa mliochelewa: jamaa ana faili la mauzo la mistari 40,000, kila mstari una bei na idadi, naye anataka jumla kuu. Anatumia XSLT 1.0 (lugha ya kubadilisha mafaili ya XML) kwa programu ya xsltproc. Templeti yake (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) inachukua mstari wa kwanza, inazidisha, halafu inajiita yenyewe kwa mistari iliyobaki. Faili la majaribio la mistari 500 lilipita bila shida. La kweli likakatika, ikidaiwa kwamba huenda templeti inajiita bila kikomo. Akapandisha `--maxdepth` (ukomo wa kujiita), sasa memori ndiyo inaisha, na watu wameshamwambia anunue RAM.

Kosa hilo halina uchawi. libxslt, ambayo ndiyo injini ya xsltproc na pia ya XSLTProcessor ya PHP, imewekewa ukomo wa templeti 3000 zilizoitana moja ndani ya nyingine. Kuupandisha ukomo ni kuahirisha tu. Kinachokuua hasa ni mstari huu:

`<xsl:with-param name="mistari" select="$mistari[position() &gt; 1]"/>`

Kila hatua unatengeneza orodha mpya ya mistari yote kasoro mmoja. 39,999, halafu 39,998, hivyo hivyo hadi chini. Ukipiga hesabu, ni nodi (vipande vya XML, hapa mistari) karibu milioni 800 zinazonakiliwa ili kujumlisha 40,000. Na kwa sababu hakuna templeti iliyomaliza kazi yake mpaka ya mwisho kabisa imalize, orodha zote hizo zinakaa memorini kwa pamoja. Kielekezi kimoja (anwani ya nodi memorini) ni baiti 8, kwa hiyo vielekezi peke yake vinapita GB 6. RAM gani utanunua?

Kazi yako haihitaji kujiita hata kidogo. `sum()` ya 1.0 inajumlisha nodi zilizopo tu, haiwezi kuzidisha kwanza, ndiyo maana wengi tunakimbilia templeti. Basi zitengeneze hizo nodi:

```
<xsl:variable name="t">
  <xsl:for-each select="//mauzo">
    <x><xsl:value-of select="@bei * @idadi"/></x>
  </xsl:for-each>
</xsl:variable>
<xsl:value-of select="sum(exsl:node-set($t)/x)"/>
```

`exsl:node-set` ndiyo inayoigeuza `$t` kuwa nodi; usisahau kutangaza `xmlns:exsl="http://exslt.org/common"` juu kabisa. Kama unaruhusiwa kuhamia Saxon-HE, injini ya XSLT 3.0 ambayo ni ya bure, yote hayo yanabaki `sum(//mauzo/(@bei * @idadi))`.

Ikitokea siku huna budi kujiita ndani ya 1.0, kata orodha katikati: nusu moja huku, nusu nyingine kule, kisha unganisha majibu. Dimitre Novatchev, mtaalamu wa XSLT, aliwafundisha wengi mbinu hii. Kwa mistari 40,000 kina hakizidi hatua 16, na nakala zote ni kama 640,000 badala ya ile milioni 800. Wanaotumia Saxon wana nafuu nyingine: call-template (amri ya kuita templeti) ikiwa ndiyo kitu cha mwisho kabisa kwenye templeti, Saxon haipandishi steki (rundo la miito inayosubiri). Ila ukiifungia ndani ya xsl:variable ili uje kujumlisha kitu baadaye, nafuu hiyo umeitupa mwenyewe.

Mimi nilinaswa pabaya zaidi, na mistari yangu haikufika hata 40. Ofisi niliyokuwepo ilikuwa inatoa ankara za maji. Nilitaka mwezi wenye usomaji mkubwa wa mita, mstari mzima wenye tarehe yake, siyo namba tu. Nikaandika fanksheni ambayo nikiiangalia leo naona aibu (`head` ni mstari wa kwanza, `tail` ni mkia, yaani iliyobaki):

```
if (f:kubwa(tail($m))/@usomaji > head($m)/@usomaji)
then f:kubwa(tail($m))
else head($m)
```

Juu yake kuna sharti la kurudisha mstari ukibaki mmoja, hilo halina tatizo. Nilijaribu kwa mteja mmoja, ikarudi kufumba na kufumbua. Faili lile lilikuwa limepangwa mwezi mpya juu. Usomaji wa mita hupanda tu, kwa hiyo ukianzia juu sharti halitimii kamwe na fanksheni inaitwa mara moja kwa kila mstari. Mafaili ya kazini yalianza na mwezi wa zamani. Hapo sharti linatimia kila mara: unaiita fanksheni ili kulinganisha, kisha unaiita upya kuuliza jibu ambalo umetoka kulipata. Injini ya XSLT haikung'amua kwamba ni swali lile lile. Mteja wa miezi 12 aliita mara 4,095, sikuona kitu. Wa miezi 24, zaidi ya milioni 16. Wa miezi 36 angefika bilioni 68. Nililaumu seva siku mbili nzima, nikamlaumu hata jamaa wa mtandao.

Dawa yake ni neno moja, `let`: lipokee jibu la mkia mara moja, ulitumie pande zote mbili.

```
let $k := f:kubwa(tail($m)) return
  if ($k/@usomaji > head($m)/@usomaji) then $k else head($m)
```

Usomaji wote huu ni namba, lakini ukiwa na sifa (kama `@usomaji`) zisizotangazwa aina, zifunge kwa `number()` pande zote, la sivyo 99 itaishinda 100 kwa kulinganishwa kama maneno. Hilo nalo liliniuma, ila siku nyingine.

Kwa miti ya vipuri, ambapo kipuri kimoja kinatokea ndani ya vingine ishirini, `let` haitoshi kwa kuwa swali linarudi kutoka matawi tofauti. Hapo XSLT 3.0 ina `cache="yes"` kwenye xsl:function, inayohifadhi majibu yaliyokwisha kupatikana. Ipe fanksheni kitambulisho cha kipuri kama parameta, siyo nodi nzima pamoja na njia uliyopitia, maana parameta ikibadilika kila mara kumbukumbu haitumiki.

Mkuu, badilisha hiyo sehemu ya jumla, kisha endesha `xsltproc --profile` kwenye faili la mistari 2,000 na utuwekee hapa mistari mitano ya juu. Nashuku ile templeti yako ya kukata majina kwa koma nayo inabeba mzigo, sema haijapata zamu ya kuonekana.