Pesa ya kila mtu au ya maskini peke yao?

Wasomaji wameuliza kuhusu kipato cha msingi, yaani serikali kumpa kila mtu fedha taslimu kila mwezi. Najibu manne.

Kwa nini tajiri naye apewe?

Kwa sababu kumjua maskini ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Tanzania Bara, TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, huanza na mkutano wa kijiji unaotaja kaya maskini, kisha linakuja dodoso: nyumba imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini, mna redio? Mjane aliyeachiwa nyumba ya bati na marehemu mumewe anaweza kuonekana anajiweza, na ndani hana hata unga. Bati haliliwi. Tajiri akipewa, kodi inaweza kuzirudisha hela hizo. Mjane akirukwa, hakuna wa kumfidia miezi aliyolala njaa.

Zanzibar walilikwepa hilo. Tangu Aprili 2016 mkaazi aliyetimiza miaka 70 anapata Pencheni Jamii, awe alivua samaki, alichuma karafuu au aliongoza idara. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na kinachotazamwa ni umri na ukaazi. Hakuna anayekuja kuchungulia paa.

Watu hawatabweteka?

Siaya na Bomet, Kenya, shirika la GiveDirectly lilitoa fedha kwa vijiji vizima, kila mtu mzima, kama dola 22 kwa mwezi; baadhi ya vijiji viliahidiwa miaka 12. Watafiti hawakuona kazi ikipungua. Waliona watu wakiacha vibarua na kufungua biashara zao.

Serikali itatoa wapi?

Hapa sibishi: kumlipa kila mtu mzima kila mwezi, bajeti zetu haziwezi. Alaska, jimbo la Marekani, inampa kila mkaazi gawio tangu 1982, lakini ina mafuta, na hulipa mara moja tu kwa mwaka. Ndiyo maana ningeanza na rika: wazee wote kwanza, kisha watoto wachanga wote.

Nina miaka 72, naishi Unguja na nina kiinua mgongo changu cha serikali. Naona haya kuchukua Pencheni Jamii.

Shikamoo mzee wangu. Chukua bila haya, ni yako kama ilivyo ya jirani yako. Siku malipo yakichelewa, wewe unayezijua ofisi ndiye utakayeuliza, na yule asiye na wa kumsemea atalipwa kwa sababu uliuliza.