Jibu: Tangazo la safari za Kilimanjaro lisiloleta wateja

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini tangazo la ofisi yako ya utalii hapa Moshi linasomwa na wengi lakini hakuna anayeuliza bei. Nimelisoma mara mbili: aya yote ya kwanza inaeleza mwaka mlioanza kazi, leseni na idadi ya magari, ilhali mgeni anayetamani kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ana hofu yake mwenyewe, nayo ni kuugua kwa sababu ya mwinuko na kurudishwa njiani baada ya kutumia akiba yake yote.

Anzia hapo. Mweleze kwamba safari ya siku saba au nane huupa mwili nafasi zaidi ya kuzoea hewa nyepesi kuliko safari ya siku tano, na kwamba Marangu ndiyo njia ya kupandia yenye vibanda vya kulala, jambo kubwa kwa asiyependa hema. Fungua jumbe za wateja wa msimu uliopita, nakili maswali yao kwa maneno yao wenyewe, kisha uyajibu. Mimi huweka swali linalojirudia zaidi liwe kichwa cha tangazo: “Je, nitafika kileleni nikiwa na miaka 55?” Leseni iweke chini, ni muhimu sana, ila mgeni huitafuta anapokaribia kulipa.