Bakteria wa tumbo na kidonge cha usiku

SWALI: Mwanangu mfamasia, nina miaka 58, nauza vitenge Tanga. Miaka 3 sasa nameza atorvastatini kila usiku kwa sababu ya mafuta kwenye damu. Juzi kiungulia kilinizidi, nikapimwa choo, nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo. Nimepewa dawa za siku 14, sijazianza. Jirani anasema bakteria huyo ndiye anayepandisha mafuta na kuziba mishipa, kwa hiyo nikimmaliza, kidonge cha usiku nikiache. Ni kweli?
Mama Vitenge

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza chukua boksi la dawa hizo usome majina. Ukiona klarithromisini, usianze kabla hujarudi kwa aliyekuandikia na kumwonyesha kidonge chako cha usiku. Dawa hiyo huzuia ini kuivunja atorvastatini, ikalundikana mwilini na kuweza kuumiza misuli. Namkumbuka mzee mmoja aliyefika dirishani kwangu kashika ukuta. Mapaja yalimuuma hadi ngazi zikamshinda, na mkojo, aliniambia kwa sauti ya chini, ulikuwa kama chai ya rangi. Dawa ya tumbo aliichukua kwingine, na hakuna aliyemuuliza anatumia nini nyumbani. Tulimkimbiza hospitali siku ileile, akapona. Mara nyingi daktari husimamisha kidonge cha mafuta kwa siku hizo tu, au hubadilisha dawa ya tumbo. Mwachie yeye aamue.

Jirani yako hakuyaokota maneno hayo barabarani. Mwaka 1994 watafiti wa London waliripoti kwamba wanaume wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo walikutwa na Helicobacter pylori, ndiye bakteria wako huyo wa tumbo, zaidi ya wenzao. Baadaye tafiti kadhaa zimekuta wenye bakteria huyu wana mafuta mabaya yaliyopanda kidogo na mazuri yaliyoshuka. Inadhaniwa kwamba tumbo likivimba kwa miaka, kinga ya mwili humwaga kwenye damu kemikali zinazovuruga kazi ya ini na kuchokoza kuta za mishipa. Lakini wengi wetu tulimpata utotoni, katika nyumba zenye msongamano na maji ya shida, na maisha hayohayo huuchosha moyo kwa njia zake nyingine. Kwa hiyo kuwakuta wawili pamoja hakutoshi kusema mmoja kamzaa mwenzie. Kwamba kumuua bakteria kunazuia shambulio la moyo, hilo halijathibitishwa. Kazi ya atorvastatini imethibitishwa, mama, tafadhali usiiache kwa neno la jirani.

Bakteria muue kwa ajili ya tumbo lenyewe, maana huleta vidonda na hata saratani. Ukimaliza dozi, subiri angalau wiki 4, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, iwe imeachwa wiki 2, ndipo upimwe tena choo. Wakitaka kumtafuta bakteria huyo kwa kukupima damu, kataa kwa adabu: alama za kinga hubaki kwenye damu muda mrefu hata bakteria akishakufa, na utameza dawa za bure.