Muulize Mzee wa Mpakani: Vitunguu Vimepita, Mablanketi Yamekatwa Ushuru

SWALI: Shikamoo Mzee. Nanunua vitunguu Mang'ola, napeleka Nairobi kupitia Namanga. Kila safari kuna kijana pale mpakani ananitoza elfu thelathini za "fomu ya Jumuiya". Mwezi uliopita narudi na mablanketi niliyonunua Nairobi, nikakatwa ushuru, na risiti ya dukani ninayo! Jumuiya gani hii ya Afrika Mashariki? Halafu mwanangu kaniuliza: Kongo na Rwanda tuko nazo Jumuiya moja, mbona wanajeshi wetu walikwenda Kongo kwa SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika? Nikakosa jibu.
Mama Vitunguu, Karatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo kijana ni kishoka. Nimekuwa wakala wa forodha Namanga miaka ishirini na mitatu, vishoka nimewaona wakiota ndevu hadi wakinunua Noah. Anachokuuzia ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, nacho hakiuzwi. Ofisa wa forodha wa nchi yako anakigonga muhuri bure, mradi mzigo hauzidi dola 2,000 za Marekani na mali imetoka ndani ya Jumuiya. Kitunguu cha Mang'ola hakina mjadala hapo. Ila cheti cha afya ya mimea usikisahau. Nimeona watu wamelala Namanga siku mbili kwa kukosa hicho tu, vitunguu vinachipua kwenye neti.

Na usihangaike upande wetu. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, unavuka kwanza, karatasi baadaye: maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo la nchi unayoingia. Ukienda na vitunguu, meza ya Watanzania iko upande wa Kenya.

Sasa mablanketi. Ulisoma lebo? Kama yametoka China, Nairobi yalikuwa yanapita njia tu. Umoja wa Forodha tulioanza nao 2005 umefuta ushuru kwa mali yetu wenyewe, ukaweka ushuru wa aina moja kwa mali ya nje. Bidhaa nyingi zilizokamilika kiwandani zinaangukia asilimia 25 au 35. Mwenye duka aliilipa Kenya. Blanketi likija kufunikwa Karatu, Tanzania nayo inataka chake, maana kila nchi inakusanya mapato yake na hakuna mfuko mmoja. Mimi naona ni kasoro kubwa, mnunuzi anabeba ushuru mara mbili, lakini ndivyo kilivyo kitabu. Lingekuwa limefumwa Kenya na lina cheti chake cha uasili, ushuru wa forodha usingelipa. VAT ungelipa.

Mwanao mwambie hivi: Jumuiya haina ofisa wake wa forodha, na jeshi lake pia haina. Aliyekugongea muhuri analipwa na serikali yake, na askari vilevile. Novemba 2022 kikosi cha Jumuiya kiliingia Goma, Wakenya wakitangulia. Kinshasa ilitaka kipigane na waasi wa M23. Chenyewe kikashika kazi ya kusimama katikati na kupokea maeneo ambayo waasi waliyaachia. Desemba 2023 Kongo ikagoma kuongeza muda, wakafungasha. Kongo imo SADC pia, kama sisi, ikabisha hodi huko. Wakaenda Waafrika Kusini, Wamalawi na Watanzania. Rwanda, ambayo Kongo inaituhumu kuwasaidia M23, haimo SADC, na hapo ndipo penye jibu la mwanao. Wanajeshi wa SADC nao hawakudumu: M23 iliiteka Goma Januari 2025, na Machi SADC ikakifuta kibali chao.

Safari ijayo nenda na risiti ya Mang'ola, ukadai cheti kwa jina lako mwenyewe. Na hiyo lumbesa iache. Gunia lililovaa kilemba ndilo ofisa analoanza nalo.