Panya, saratani na kipimo cha kichocho

Ndugu wa Igombe, umeuliza kama kweli kile kipimo cha kichocho cha mkojo kimetokana na panya na seli za saratani, na kama kinaweza kukudhuru. La kwanza ni kweli. La pili hapana.

Panya wa maabara huchomwa sindano ya antijeni (kitu kinachoamsha kinga) ya mnyoo wa kichocho, kisha seli B, ambazo ni seli za kinga, huchukuliwa kwenye bandama yake. Zinajua kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa antijeni hiyo, ila nje ya mwili hazidumu. Ndiyo maana wanasayansi Köhler na Milstein, kule Cambridge mwaka 1975, waliziunganisha na seli za mieloma, saratani inayozaliana bila kikomo. Mseto huo ndio hibridoma.

Ujanja wenyewe uko kwenye kuchuja. Mchanganyiko huwekwa kwenye lishe yenye aminopterini, inayoziba njia kuu ya kutengeneza DNA. Mieloma ambazo hazikuungana hazina kimeng'enya cha kupitia njia ya pembeni, zinakufa. Seli B pweke zinajifia zenyewe (hata bila dawa). Hibridoma zinazobaki hutenganishwa mojamoja, kila moja izae ukoo wake, na ukoo mzima hutoa kingamwili ya aina moja tu.

Kwenye kikaseti cha kipimo kuna kingamwili hiyo, protini iliyosafishwa, si seli. Tena mkojo ndio unaokwenda kwenye kipimo, mwilini mwako hakiingii kitu. Mstari wa T (wa majibu) ukiwa hafifu mno, muulize mtu wa maabara, maana huo hata wataalamu wanaubishania. Wa C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) usipotokea kabisa, dai kikaseti kingine.